Mwenye Picha Ni Nani? Kamera, Dhuluma na Vijana wa Likoni, Kisauni na Changamwe

Katika muda wa mwaka mmoja Wakenya waliiona kamera ikifanya kazi mbili zisizopatana. Julai 2024, baada ya vijana kuandamana dhidi ya Mswada wa Fedha, Idara ya Upelelezi wa Jinai ilizitangaza hadharani picha za watu iliowatafuta kwa tuhuma za fujo, ikauomba umma uisaidie kuwatambua. Juni 2025, mchuuzi wa barakoa alipopigwa risasi ya kichwa na askari mchana kweupe katikati ya Nairobi, ni picha zilizonaswa na waliokuwapo ndizo zilizolifanya tukio hilo lisikanushike, na maafisa waliohusishwa nalo wakatiwa mbaroni.

Haistaajabishi, basi, kwamba pendekezo ambalo wahisani, watetezi wa haki na wanazuoni hulileta mara kwa mara, la kuwapa vijana wa kiume kamera ili waonyeshe wenyewe dhuluma zinazowapata, haliwezi kupokewa kwa moyo mmoja katika mitaa ya Mombasa iliyo nje ya kisiwa. Yuko aulizaye kama huku si kumpa kijana ulimi ambao mabaraza ya wazee yamemnyima; yuko aulizaye kama picha hizo hazitaishia mezani pa mpelelezi; yuko pia ambaye hana hofu wala matumaini, ila amechoka kuona ufukara wa mtaa wake ukitundikwa ukutani ili wageni wautazame huku wakinywa sharubati. Maswali haya matatu huchanganywa pamoja katika mazungumzo ya watu, na kuchanganywa huko ndiko kunakoleta ugomvi mwingi na natija chache. Makala haya yanakusudia kuyatenga, kuipa kila rai haki yake, kisha kuyapima kwa mizani moja.

Asili ya njia hii

Upigaji picha shirikishi ni utaratibu ambao watu wenye kadhia ndio wanaoshika kamera, wakapiga wanayoyaona kuwa na maana, wakakaa pamoja kuzizungumza picha zao, na mwisho wakachagua zipi zipelekwe mbele ya wenye mamlaka. Mizizi yake imo katika mafunzo ya Paulo Freire, mwalimu wa Brazili, ambaye kitabu chake juu ya elimu ya walioonewa kilienea duniani tangu mwaka wa 1970, na ambaye aliamini kwamba mtu asiyejua kusoma herufi anaweza kuisoma hali yake mwenyewe akiwekewa mbele taswira ya maisha yake na akapewa fursa ya kuulizana na wenzake.

Kisa kimoja cha mwaka wa 1973, alichokisimulia Augusto Boal, mtu wa tamthilia kutoka nchi hiyohiyo, huonyesha nguvu ya njia hii kuliko maelezo mengi. Katika mradi wa kisomo mjini Lima, Peru, wanafunzi waliulizwa maswali wakatakiwa kuyajibu kwa picha badala ya maneno. Walipoulizwa unyonyaji ni nini, mtoto mmoja alileta picha ya msumari uliopigiliwa ukutani. Wageni hawakuelewa kitu, lakini watoto wenziwe wote walielewa mara moja. Wengi wao walikuwa wakipiga watu viatu rangi katikati ya mji, na kwa kuwa visanduku vyao vilikuwa vizito kubebwa kila siku hadi vitongojini walikolala, walilazimika kukodi msumari katika ukuta wa duka ili wavitundike hadi asubuhi. Msumari ule, usio na thamani kwa mpita njia, ndio uliokula sehemu ya kipato chao kila usiku.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Caroline Wang na Mary Ann Burris waliitia njia hii katika utaratibu wa kitaalamu, wakifanya kazi na wanawake 62 wa vijijini katika jimbo la Yunnan, China, na wakaiwekea makusudi matatu: watu waandike kwa picha nguvu na shida za jamii yao, wazungumze kwa kina juu ya picha hizo, na sauti yao iwafikie watunga sera. Msomaji ayashike makusudi haya matatu, kwa maana aghalabu miradi hulitimiza la kwanza kwa shangwe, la pili kwa haraka, na la tatu hulisahau.

Kwetu Kenya, mfano unaojulikana zaidi ni ule wa Mathare, Nairobi, ambako mwaka wa 1997 mpiga picha Lana Wong, kwa ushirikiano na chama cha michezo cha vijana wa Mathare, aliwapa wavulana na wasichana kamera ndogo za plastiki za bei nafuu. Picha zao zilitoka kitabuni, zikasafiri hadi nchi za mbali, na mmoja wa watoto wale, Julius Mwelu, alikua akawa mpiga picha wa kazi, kisha akaanzisha wakfu wa kuwafundisha watoto wengine wa mtaa uleule. Mathare si Likoni, walakini kisa hiki ni kipimo kizuri, maana kina faida na kasoro zake zote mbili, kama itakavyoonekana.

Dhuluma ipi, na ya nani juu ya nani?

Huko Marekani na Uingereza, ambako njia hii imetumika sana kuchunguza maisha ya vijana weusi wa kiume, mstari wa dhuluma huonekana kwa macho: kijana ni mweusi, na askari anayemsimamisha, mwalimu anayemfukuza na mwajiri anayemkataa aghalabu ni weupe. Mtu akiunyakua mstari huo ulivyo akautua Kisauni atapotea, maana askari wa Kisauni na kijana wa Kisauni rangi yao ni moja. Hata hivyo si kweli kwamba rangi haimo. Serikali ya kikoloni ndiyo iliyoamuru, kwa sheria iliyoanza kutumika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kwamba kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 awe na kipande chenye alama za vidole vyake na habari za kazi yake, akivae shingoni ndani ya kikasha cha bati, na asionekane barabarani bila hicho. Kikasha kimeondoka, desturi ya kumsimamisha kijana maskini na kumtaka ajithibitishe kuwa ni mtu imebaki. Kijana wa leo asiye na kitambulisho hasajiliwi laini ya simu, hafungui akaunti, hapiti lango la bandari, na msako ukimkuta njiani jioni hana la kujitetea.

Dhuluma ya mitaa hii, basi, ina tabaka kadha wa kadha. Iko ya mkono wa dola. Shirika la HAKI Africa, katika ripoti yake ya Desemba 2016, liliorodhesha watu 81 wa Pwani waliouawa au kutoweka mikononi mwa vyombo vya usalama katika kipindi cha tangu mwaka wa 2012. Novemba 2014 polisi waliivamia misikiti kadhaa ya Mombasa, ikiwamo ya Swafaa na Minaa huko Kisauni, wakiwasaka wafuasi wa itikadi kali, na mamia ya vijana wakatiwa korokoroni katika siku chache, wengi wao hatimaye bila kosa lililothibitika.

Iko dhuluma ya ardhi, ambayo Likoni inaijua kwa jina la shamba la Waitiki, ekari 930 walizokalia maskwota kwa miaka mingi kwa hofu ya kubomolewa, mpaka serikali iliponunua shamba hilo na hati zikaanza kutolewa Januari 2016. Tena iko dhuluma ya riziki, ambayo haina mshika rungu: Changamwe iliona kiwanda cha kusafisha mafuta kikizimwa mwaka wa 2013, kisha ikaona, baada ya reli mpya kuanza mwaka wa 2017 na amri kutolewa kwamba makasha yapande gari la moshi moja kwa moja kwenda bara, kazi za malori, za bohari na za vibanda vya chakula kando ya barabara zikipukutika, hata wananchi wakaandamana mjini mwaka wa 2019.

Juu ya tabaka hizo imo moja ambayo watetezi hawapendi kuitaja. Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa, askari wakauawa, na fujo zilizofuata zikaua watu zaidi ya 100 na kuwahamisha maelfu, wengi wao wakiwa watu wa bara walioishi Pwani. Walioshika silaha walikuwa vijana wenye malalamiko ya kweli juu ya ardhi na kazi, na Tume ya Akiwumi iliyochunguza ghasia hizo ilisikia jinsi siasa za uchaguzi zilivyoyatumia malalamiko hayo. Madhulumu wa asubuhi aliweza kuwa dhalimu wa jioni. Njia yoyote ya uchunguzi inayoanza kwa kumgawia kila mtu nafasi yake mapema, huyu mwonewa na yule mwonezi, haitalisoma historia hiyo kwa usahihi.

Rai ya kwanza: kamera ni ulimi wa asiyesikilizwa

Wanaoiunga mkono njia hii wana hoja tatu zenye uzito. Ya kwanza ni ya mahali pa kusemea. Katika baraza la chifu wazee ndio waanzao, viongozi wa dini na wa vyama hufuata, na kijana akifikiwa muda umekwisha. Akisema anaonewa huulizwa ushahidi wake uko wapi. Ya pili ni ya aina ya maarifa. Ripoti ikihesabu watu 81 imefanya kazi kubwa na ya lazima, lakini hesabu haielezi jinsi kijana anavyochagua kichochoro cha kupitia akirudi kutoka kazini, wala kwa nini kitambulisho chake amekitia ndani ya mfuko wa nailoni, akakiweka katika mfuko wa shati na si wa suruali, ili mkono wake usiteremke kiunoni mbele ya mtu mwenye bunduki. Mambo kama hayo mwenyewe hayasemi kwa sababu ameyazoea mno. Picha humlazimisha ayatazame upya. Ya tatu ni ya mwenendo wa uchunguzi wenyewe: mtafiti ajaye na orodha ya maswali hupata majibu ya maswali yake tu, ilhali aliyeleta picha amelileta na swali.

Udhaifu wa rai hii nao ni wa kweli. Kamera hunasa kofi, hainasi mkataba. Kijana wa Changamwe aliyekosa kazi kwa sababu ya amri iliyotiwa saini Nairobi atapiga picha ya nini? Ya barabara isiyo na malori? Picha ya kitu kisichokuwapo ni ngumu kuliko zote, na asipopata mwongozo wa subira ataishia kupiga yaliyo rahisi, yaani takataka, mitaro na kuta zilizobomoka, na dhuluma yenye vyanzo virefu itaonekana kana kwamba ni uchafu wa mtaa tu. Zaidi ya hayo, kusema si sawa na kusikilizwa. Picha za Mathare zilisifiwa katika miji mikubwa ya dunia, na zikawafungulia baadhi ya watoto wale njia ya maisha. Lakini manufaa kwa mtu mmoja mmoja ni jambo moja, na kubadilika kwa mtaa ni jambo jingine.

Rai ya pili: kamera ni ushahidi dhidi ya aliyeishika

Wanaopinga kwa sababu ya usalama hawana dhana tupu. Kwanza, ardhi yenyewe imejaa mahali pa marufuku: kambi ya jeshi la majini iko Mtongwe, upande uleule wa Likoni; kivuko, bandari na kiwanja cha ndege si mahali pa mtu kupiga picha atakavyo; na sheria ya maeneo yaliyolindwa haimuulizi kijana kama alikuwa katika mradi. Pili, simu yenye picha za marafiki wa maskani ni daftari la majina kwa anayeinyang'anya. Tatu, na hili ndilo zito zaidi, hata amana ya shirika si ngome. Aprili 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, mashirika mawili ya haki ya Mombasa, MUHURI na HAKI Africa, yaliwekwa katika orodha ya washukiwa wa kufadhili ugaidi, akaunti zao zikafungwa, na maafisa wa kodi wakaziingia ofisi zao wakachukua vihifadhi data vya kompyuta. Mahakama Kuu iliyasafisha Novemba mwaka huohuo, lakini siri ikishatoka kabatini hairudishwi kwa hukumu.

Ni kweli sheria imejengwa kwa pande zote mbili. Februari 2015 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu vinane vya sheria ya usalama iliyopitishwa Desemba iliyotangulia, kikiwamo kile kilichobana utangazaji wa habari na picha za mambo ya ugaidi. Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inamtaka anayekusanya habari za mtu apate ridhaa yake au awe na sababu nyingine ya kisheria, na amweleze zitatumikaje. Lakini sheria humfaa mwenye wakili na muda, na kijana wa kibarua aghalabu hana hata kimoja.

Hata hivyo rai hii, ikichukuliwa hadi mwisho wake, hujikwaa. Ikiwa hofu ndiyo itakayoamua, basi dhalimu amepata alichokitaka bila kutoa jasho. Tena kutokuwa na picha nako kuna hatari yake. Jamaa za waliotoweka wakienda mahakamani au kituoni, kitu wanachokibeba mikononi ni picha ya mtoto wao, mara nyingi ileile ndogo ya kitambulisho iliyokuzwa mpaka uso umefifia, maana ndiyo pekee waliyokuwa nayo. Aliyekatazwa kupigwa picha kwa ajili ya usalama wake hakulindwa na katazo hilo. Aliwaachia wanaomtafuta kazi ngumu zaidi.

Rai ya tatu: picha inavunja sitara

Rai hii hutolewa kwa sauti ya chini, na kwa hiyo wageni huisikia mwisho. Katika maadili ya Pwani, kumsitiri mtu ni kumheshimu, na kumfunua mbele ya wasiomhusu ni kumfedhehesha hata kama unayoyafunua ni ya kweli. Nyumba ya kijana imo ndani yake mama, dada na jirani, na kamera iingiapo kutafuta dhuluma yake huyakuta na mambo yao, na hao hawakutia saini karatasi yoyote ya ridhaa. Hofu hii ina kumbukumbu ndefu. Huko Kisauni, Frere Town iliasisiwa na wamisionari mwaka wa 1875 kuwa makao ya waliokombolewa utumwani, na kengele yake ndiyo iliyoliachia eneo lile jina la Kengeleni. Na katika zama hizohizo za kuvunjwa utumwa picha za Waafrika waliookolewa baharini zilipelekwa Uingereza ili zitie watu huruma. Waliopigwa walisaidiwa, hapana shaka. Lakini waliobaki nazo ni wengine, na majina ya waliomo aghalabu hayakuandikwa.

Upo pia mfano wa kinyume, nao ni wa hapa hapa. Katika miaka ya 1990 wapiga picha wa karibu na kivuko cha Likoni, ambao mtafiti Heike Behrend aliwaandikia makala mwaka wa 2000, walisimamisha vibanda vya mbao na nguo, wakavipamba kwa mandhari za kuchora: meli kubwa, ndege, majumba marefu, bustani zisizo na mahali duniani. Wateja wao wengi walikuwa vibarua na wahamiaji, watu ambao leo mradi ungewaita waonewa, na walilipa pesa yao ya jasho wapigwe picha mbele ya ndege ambayo hawakuwahi kuipanda, ili waipeleke nyumbani. Mtu anaweza kuwacheka kwa kujidanganya. Lakini yuko anayeweza kusema kwamba wao ndio waliokuwa na hiari kamili juu ya sura yao: walichagua nguo, wakachagua mandhari, wakalipa, wakaondoka na picha mkononi. Mradi unaomwambia kijana alete picha ya maumivu yake umemnyima hiari hiyo kwa kiasi fulani, maana umemkubali kwa sharti la kuwa madhulumu.

Udhaifu wa rai ya sitara ni kwamba neno hilohilo hutumika kuwafunika wakosaji. Familia huambiwa isitangaze habari za mtoto aliyetoweka ili isije ikaaibika, mtaa huambiwa usiseme juu ya muuza dawa za kulevya kwa kuwa ni mtoto wa fulani, na kijana huambiwa avumilie. Sitara ya anayestahiki heshima na sitara ya anayestahiki hukumu huvaa nguo moja.

Rai ya nne: na waliokatwa mapanga je?

Zaidi ya maswali matatu ya mwanzoni liko la nne, kwa kuwa Kisauni imeishi kwa miaka na makundi ya vijana wanaovamia watu kwa mapanga na visu, yenye majina yanayojulikana hata na watoto wa shule. Mwenye duka aliyekatwa mkono ana haki ya kuuliza kwa nini kamera wapewe rika la waliomkata na yeye asipewe. Swali hili haliondolewi kwa kusema kwamba vijana wote si wamoja, ingawa ni kweli, wala kwa kusema kwamba uhalifu una sababu zake, ingawa nalo ni kweli. Jibu la insafu ni kukiri kwamba mchunguzi anayetafuta dhuluma ya upande mmoja hukuta nusu ya mtaa, na kwamba huenda kijana huyohuyo anayemwogopa askari saa mbili usiku anawaogopa wenye mapanga saa nne.

Kwa nini miradi hupotoka

Sababu za upotofu si nia mbaya. Iko sababu ya fedha: tangu serikali ilipozindua Septemba 2016 mkakati wa kitaifa wa kukabiliana na itikadi kali, na kaunti za Pwani zikafuata kwa mipango yao, sehemu kubwa ya fedha za vijana imekuja kwa jina la kuzuia ugaidi, hata kijana aliyepewa kamera amepewa na mkono ambao tayari umemwandika kuwa hatari. Iko sababu ya muda: mfadhili hutaka taarifa mwisho wa kipindi, na maonyesho yana tarehe na picha za wageni waheshimiwa, ilhali mazungumzo ya miezi sita ndani ya chumba cha madrasa hayana cha kupiga picha. Tena iko sababu ya wepesi wa chombo, maana simu imeifanya picha kuwa rahisi kuipata kuliko kikao cha kuizungumza.

Mizani

Zikiwekwa pamoja, rai hizi hazipingani sana kama zinavyoonekana, kwa kuwa kila moja inazungumzia hatua tofauti ya safari moja. Rai ya kwanza husema kweli juu ya kupiga na kuzungumza. Ya pili husema kweli juu ya kuhifadhi. Ya tatu juu ya kuonyesha. Ya nne juu ya kumchagua mshiriki. Kosa la watetezi ni kudhani kwamba uzuri wa hatua ya mwanzo huitakasa ya mwisho, na kosa la wapinzani ni kudhani kwamba ubaya wa ya mwisho huibatilisha ya mwanzo. Msumari wa Lima ulifanya kazi yake pale watoto walipouelewa na kuueleza; haukuhitaji uso wa mtoto yeyote.

Kutokana na hayo hufuata mambo ambayo hayawezi kupatikana yote kwa pamoja, na heri yasemwe wazi kuliko yafichwe. La kwanza ni jina. Kijana akifichwa jina analindwa, lakini ananyimwa sifa na pengine kazi. Lau Julius Mwelu angebaki bila jina, wakfu wake usingekuwapo. La pili ni uso. Picha ya kitu, kama kiatu mlangoni, nafasi tupu katika benchi la maskani au kitambulisho ndani ya nailoni, haimhatarishi mtu, lakini haigongi moyo wa mgeni kama uso unavyogonga, na mtaa unaotaka haki haraka huenda ukalalamika kwamba umelegezewa ushahidi. La tatu ni muda wa ridhaa. Anayekubali akiwa na miaka 18 huenda akajuta akiwa na 30, ameoa, ameajiriwa, na picha ingali inazunguka. Ridhaa isiyoweza kuondolewa ni mauzo.

Kipimo kinachofaa, basi, ni kuuliza nani ana amri juu ya picha baada ya kupigwa. Pale ambapo washiriki wenyewe huamua swali, huzungumza picha zote faraghani kabla ya mgeni kuona hata moja, huweza kuifuta yoyote bila kutoa sababu, hujua zinahifadhiwa wapi na zitateketezwa lini, na huzipeleka kwa mtu mwenye wajibu wa kujibu, awe ni mamlaka ya kusimamia polisi, ofisi ya usajili wa watu au bunge la kaunti, njia hii ina faida inayozidi hasara yake. Pale ambapo yote hayo yamo mikononi mwa shirika na kijana ameachiwa kubonyeza kitufe tu, kuitwa mshiriki ni heshima ya jina. Katika mazingira ya Mombasa haki ya kuficha ni sehemu ya haki ya kusema, na maonyesho ya hadhara yanafaa yawe hiari ya mwisho badala ya kuwa shabaha ya tangu mwanzo.

Muhtasari

Upigaji picha shirikishi ulizaliwa ili wasiosikilizwa waisome hali yao na kuieleza. Likoni, Kisauni na Changamwe zina dhuluma za dola, za ardhi na za riziki zinazostahili kuelezwa hivyo, pamoja na historia inayokataa kumgawa kila mtu kuwa mwonewa au mwonezi. Hoja ya ulimi ni ya haki, ila kamera haioni vyanzo visivyo na umbo bila mazungumzo marefu. Hoja ya usalama imethibitishwa na matukio ya mwaka wa 2015, ila ikivuka mpaka huwa ni kunyamazisha. Hoja ya sitara inakumbusha kwamba mtu ana hiari juu ya sura yake, ila hutumika pia kufunika uovu. Hoja ya walioumizwa na makundi ya mapanga inautaka uchunguzi uwe wa mtaa mzima.

Anayealikwa kesho katika mradi wa namna hii, mzazi anayeombwa ridhaa, na imamu au mchungaji anayeombwa ukumbi, wote wana swali moja la kuanza nalo kabla ya kutazama ubora wa kamera: siku mradi utakapokwisha na wageni watakapofunga mizigo yao, picha hizi zitakuwa kwa nani, na kijana akitaka yake irudi, atabisha mlango gani?